Kuifundisha upya chipu ya betri ya laptopu baada ya kubadilisha seli

Seli ni mpya, zimechomelewa vizuri, ganda limefungwa. Ukichomeka betri kwenye laptopu, kimya. Au inachaji mpaka 100%, halafu mashine inazimika ghafla huku skrini ikidai bado kuna asilimia 38. Seli hazina kosa. Ndani ya ganda kuna bodi nyembamba yenye chipu inayohesabu kila miliampea inayoingia na kutoka, na chipu hiyo bado inaamini inatunza zile seli zilizokwisha kutupwa.

Wengi wakisema "kufuta chipu" humaanisha kurudisha kaunta ya mizunguko kwenye sifuri. Kati ya namba zote zilizomo, hiyo ndiyo yenye kazi ndogo kuliko zote. Kinachoamua kama betri itafanya kazi ni volti ya kuchajia, uwezo halisi wa seli, jedwali la ukinzani wake na alama ya hitilafu ya kudumu. Kaunta ni pambo.

Mwongozo huu unahusu chipu za Texas Instruments za familia ya bq20z (bq20z45, bq20z75, bq20z95) na ile mpya zaidi, bq40z50. Zimejaa kwenye laptopu za mitumba zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Bodi zenye chipu za Renesas zina njia zao tofauti, usizijaribu kwa amri za hapa.

Je, bodi inastahili kazi?

Fungua ganda taratibu kwa kisu cha plastiki au kadi ngumu. Kisu cha chuma kikitoboa ngozi ya seli, moto hauchelewi. Fanyia kazi juu ya sakafu ya saruji au vigae, na uwe na ndoo ya mchanga karibu.

Tafuta fyuzi yenye miguu mitatu, kawaida iko kwenye njia ya chanya kati ya seli na MOSFET, zile swichi za kielektroniki zinazoruhusu au kukata mkondo. Miguu miwili ya pembeni hupitisha mkondo, wa tatu ni wa hita ndogo iliyo ndani. Chipu ikiona hatari isiyovumilika, huwasha hita hiyo na fyuzi inayeyuka kabisa. Weka multimita kwenye mlio na upime kati ya miguu ya pembeni. Ikikaa kimya, fyuzi imekwisha, weka nyingine ya ampea na idadi ya seli zilezile. Kuna mafundi wanaoruka fyuzi hii kwa waya. Betri itawaka, ndiyo, lakini umeondoa kinga ya mwisho kabla ya moto, na mteja analala na laptopu kitandani.

Bodi yenye kutu ya kijani ya majimaji ya seli kati ya miguu ya chipu, achana nayo. Mkondo unaovuja hapo utapotosha vipimo daima.

Vifaa

Cha kusomea na kuandikia kina ngazi tatu. EV2400 ya Texas Instruments ndiyo rahisi kutumia na ndiyo ghali. Inafanya kazi na programu ya bure ya kampuni hiyohiyo, Battery Management Studio. Kwa bq20z za zamani kuna programu iliyoitangulia, bqEVSW, pamoja na kifaa cha EV2300. Ngazi ya pili ni bodi ndogo ya USB yenye chipu ya CP2112. Ya tatu ni Raspberry Pi yenye i2c-tools, inayotosha kusoma, kufungua kufuli na kutuma amri. Kwa kuhariri kumbukumbu yote, bado utahitaji programu ya kampuni.

Onyo kwa wa Raspberry Pi: chipu hizi hushikilia laini ya saa pale zinapohitaji muda wa kufikiri, na Pi za mwanzo zina kasoro inayozifanya zisisubiri. Matokeo ni namba za ajabu ambazo wala hazionekani kama kosa. Shusha kasi kwa kuweka `dtparam=i2c_arm_baudrate=10000` kwenye config.txt. SMBus, lugha ya mawasiliano ya betri hizi, inaruhusu kuanzia 10 mpaka 100 kHz, kwa hiyo hutoki nje ya sheria.

Vingine: pawasaplai yenye kikomo cha volti na mkondo, mashine ya kuchomelea seli, ukanda wa nikeli halisi wa mm 0.15, tepu ya Kapton, pete za karatasi za kuhami ncha chanya, na rezista ya ohmu 8.2 ya wati 50 yenye ganda la alumini, iliyofungwa juu ya kipande cha chuma cha kupoozea. Itatumika mwishoni.

Kupata waya na kusoma kwanza

Kiunganishi cha betri huwa na P+ (chanya) upande mmoja na P- (hasi) upande wa pili, kisha katikati kuna saa (SMBC), data (SMBD) na pini moja au mbili za kutambua kama betri imechomekwa. Usikisie. Fuata njia za shaba kutoka kwenye kiunganishi: saa na data hupita kwenye rezista ndogo, mara nyingi za ohmu 100, mpaka kwenye miguu ya chipu iliyochorwa kwenye waraka wake. Kwa multimita ya hali ya daiodi, pini hizo mbili hutoa namba karibu sawa ukipima dhidi ya P-. Pini ya kutambua uwepo iunge kwenye P- kupitia rezista ya ohmu 100 mpaka 1000, vinginevyo MOSFET hazitafunguka.

Unga P- kwanza, kisha saa na data. Kwenye Pi:

`i2cdetect -y 1`

Anwani 0x0b ikitokea, mmeshaongea. Kisha:

`i2cget -y 1 0x0b 0x09 w` ni volti kwa milivolti.
`i2cget -y 1 0x0b 0x08 w` ni joto kwa sehemu ya kumi ya Kelvini. 2981 ni nyuzi 25 za Selsiasi.
`i2cget -y 1 0x0b 0x10 w` ni uwezo ukijaa, kwa mAh.
`i2cget -y 1 0x0b 0x18 w` ni uwezo wa kiwandani.
0x3f, 0x3e, 0x3d, 0x3c ni volti za seli ya 1 mpaka ya 4.
0x53 kwenye bq20z ni PFStatus, yaani hitilafu ya kudumu.

Andika majibu yote kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Linganisha volti za seli na za multimita. Chipu ikikosea kwa zaidi ya milivolti 20 hivi kwenye seli moja, angalia uungaji wa waya wa seli hiyo kabla ya kulaumu kitu kingine.

PFStatus isiyo sifuri inakwambia betri ilikufa kwa nini, na hapo ndipo fundi makini anapotofautiana na mfuta-chipu. SOV maana yake volti ilipanda kupita kiasi. CIM ni seli kupishana sana, ugonjwa wa kawaida wa seli zilizochoka, na seli mpya ndiyo tiba yake. CFETF na DFETF ni MOSFET ya kuchaji au ya kutoa iliyokwama, na ukifuta alama bila kubadilisha MOSFET hiyo, chipu itaiandika tena muda mfupi tu baadaye. PFIN ni kinga ya pili, ile chipu ndogo ya pembeni, iliyoona hatari yenyewe.

Kufungua kufuli

Kiwandani betri hutoka ikiwa imefungwa: unasoma, huandiki. Ufunguo wa kuanzia uliochapishwa na Texas Instruments hutumwa kwa maneno mawili kwenye amri 0x00, ndani ya sekunde 4:

`i2cset -y 1 0x0b 0x00 0x0414 w`
`i2cset -y 1 0x0b 0x00 0x3672 w`

Kisha ufunguo wa ngazi ya juu, ile inayoruhusu kuandika kila kitu: 0xffff mara mbili kwa njia ileile. Hakikisha kwa kusoma 0x54 kwenye bq20z: biti ya 13 ikiwa 1 bado imefungwa, biti ya 14 ikiwa 1 hujafika ngazi ya juu. Kwenye bq40z50 programu ya kampuni hukuonyesha SEC1 na SEC0, ambapo 1 na 1 ni imefungwa, 0 na 1 ni ngazi ya juu.

Watengenezaji wanatakiwa kubadilisha funguo hizi. Si wote hufanya hivyo: mwaka 2011 Charlie Miller alionyesha kwenye mkutano wa Black Hat kwamba betri za laptopu za Apple zilikuwa zimeachwa na funguo za kiwandani. Kama betri uliyo nayo imebadilishwa funguo, hapo ndipo safari inaishia. Ufunguo una biti 32, uwezekano zaidi ya bilioni 4, na SMBus ni laini ya polepole. Tafuta bodi nyingine ya modeli ileile.

Nakala kabla ya yote

Ukishaingia ngazi ya juu, toa nakala mbili kupitia programu ya kampuni: orodha ya vigezo (.gg au .gg.csv) na picha nzima ya famuwea, yaani programu iliyo ndani ya chipu (.srec). Zihifadhi kwa jina lenye modeli ya betri na namba yake ya mfululizo (serial).

Usiandike .srec ya betri nyingine, hata ya laptopu inayofanana. Ndani yake kuna vipimo vya urekebishaji wa volti, mkondo na joto vilivyopimwa kwa bodi ile moja tu, na funguo za uthibitisho. Laptopu kadhaa, zikiwemo ThinkPad kuanzia kizazi cha T430 na X230, huiuliza betri ijithibitishe. Bodi halisi yenye funguo zake hupita, isiyo na funguo sahihi inakataliwa. Kwa sehemu kubwa ya kazi hii huhitaji kugusa famuwea yenyewe, unahariri data inayoisoma. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika .srec, chipu hubaki kwenye hali ya ROM na haijibu amri za kawaida. Hapo nakala yako ndiyo itakayoiokoa, ukiwa nayo.

Seli

Chukua mfano wa betri ya 3S2P, yaani seli sita (jozi tatu kwa mfululizo, kila jozi seli mbili sambamba), volti 10.8. Seli zitoke kundi moja. Kabla ya kuziunga sambamba, tofauti ya volti isizidi milivolti 10, na ukinzani wa ndani kwa mita ya 1 kHz usipishane zaidi ya miliohmu 5.

Kutoa seli za zamani: anza na chanya kuu, shuka kwenye waya za kati kutoka juu kwenda chini, hasi kuu iwe ya mwisho. Kuweka mpya ni kinyume, hasi kwanza kisha panda. Ukikosea mpangilio, waya wa kati unaweza kuipa chipu volti ya seli mbili mahali pa moja, na mguu wake ukaungua bila moshi wowote wa kukuarifu.

Kipima joto, kile kidogo cheusi cha kilohmu 10, kirudishe kikiwa kimegusa seli kwa gundi ya joto. Kikining'inia hewani chipu itadhani seli ni baridi hata zikiwa nyuzi 60.

Baada ya kuunga, chipu nyingi hukaa usingizini na P+ inasoma sifuri. Ziamshe kwa pawasaplai: volti 12.6, kikomo cha mkondo 0.1 A, kwenye P+ na P- kwa sekunde chache. Ikijibu kwenye 0x0b, ondoa.

Data inayobadilishwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na kigezo cha kwanza ni cha usalama, si cha asilimia. Kuna seli za laptopu zinazochajiwa mpaka volti 4.35. Seli za kawaida za 18650 zinazouzwa madukani, kama NCR18650B ya Panasonic, mwisho wake ni 4.20. Kama bodi ilikuwa ya 4.35, chipu itaiomba laptopu volti 13.05 kwa seli tatu, na seli zako mpya zitachajiwa kupita kiasi kila siku mpaka zivimbe au ziwake. Shusha Charging Voltage mpaka 12600 kwenye kila eneo la joto, shusha na mipaka ya COV (volti ya seli kupita kiasi) na SOV kwa uwiano huohuo. Halafu pima kinga ya pili: chipu kama bq29412 haina famuwea, kiwango chake kimechongwa kiwandani. Kikiwa cha seli za 4.35, basi nunua seli za 4.35, usiweke nyingine. Kinyume chake, seli za 4.35 kwenye bodi ya 4.20, hakidhuru, unapoteza uwezo kidogo tu.

Kisha uwezo. NCR18650B huandikwa 3400 mAh, lakini uwezo wa chini unaohakikishwa ni takriban 3250. Kwa 2P andika 6500, si 6800. Chipu inayoahidi zaidi ya seli ndiyo inayozima laptopu ikiwa na asilimia 20. Design Energy (nishati ya kiwandani) ya bq20z hupimwa kwa mWh 10: 6500 mara 10.8 ni mWh 70200, andika 7020. Qmax (uwezo wa juu wa seli) za Cell 0 mpaka 2 na Qmax Pack zote 6500. Term Voltage, volti ambayo betri huhesabiwa imeisha, kwa 3S ni 9000.

ChemID ni namba inayoiambia chipu mkunjo wa volti wa kemia ya seli. Chagua ya modeli ya seli yako kwenye orodha ya programu. Kuchagua ChemID huandika pia majedwali mapya ya ukinzani, Ra. Hakikisha alama za R_a zimerudi 0xFF55 na za R_a za akiba 0xFFFF. Kama zimebaki na thamani nyingine, chipu inaendelea kutumia ukinzani wa seli zilizokufa, na hapo ndipo lile tatizo la asilimia 38 huzaliwa.

Update Status, inayoonyesha chipu imefika wapi katika kujifunza, iwe 00. Cycle Count iwe 0, kwa kuwa seli kweli ni mpya. Tarehe ya kutengenezwa na namba ya mfululizo viache. Kama lazima ubadilishe tarehe, hesabu yake ni mwaka kutoa 1980, jibu mara 512, jumlisha mwezi mara 32, jumlisha siku: tarehe 15 Machi 2024 ni 22639. Ila kuandika tarehe mpya ili kuuza betri kama ya dukani ni utapeli. Stika yenye "seli zimebadilishwa" na tarehe inatosha, na humkinga hata fundi atakayeifungua baada yako.

Kufuta hitilafu ya kudumu

Fanya hivi baada ya seli mpya na data mpya, si kabla. Kwenye bq20z ukiwa ngazi ya juu, ufunguo wa PF unasomeka kwenye amri 0x62. Utume kwenye 0x00 kwa maneno mawili, neno la chini likitangulia kama ulivyofanya kwenye kufuli. Kwenye bq40z50 ni amri 0x0029, nayo kwenye 0x00. Weka chipu upya kwa 0x0041, kisha soma PFStatus tena.

Mzunguko wa kufundisha

Ukiruka hatua hii, betri itafanya kazi kwa kubahatisha. Ukiifanya, inachukua karibu saa 24, kwa hiyo ianze asubuhi.

Toa chaji kupitia rezista ya ohmu 8.2 mpaka volti 9.0. Iache saa 5 bila kugusa, chipu isubiri volti itulie. Tuma 0x0021 kwenye 0x00 kuwasha upimaji. Angalizo kwa bq40z50: amri hiyo ni swichi, ukiituma mara ya pili unazima. Update Status sasa isome 04.

Chaji kwa volti 12.6, ampea 2, mpaka mkondo ushuke chini ya kiwango cha Taper Current (mkondo wa mwisho wa kuchaji) kilichomo kwenye data na biti ya FC (imejaa) ya BatteryStatus, 0x0020, iwake. Acha saa 2. Update Status inapanda kuwa 05: Qmax imejifunza. Haijapanda? Sababu za kawaida ni tatu: ulianza betri ikiwa haijaisha vya kutosha (mara ya kwanza chipu inataka mabadiliko ya asilimia 90), joto lilikuwa nje ya nyuzi 10 mpaka 40, au betri ilikuwa bado inanyonywa na mkondo mdogo wakati wa kupumzika. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa katikati ya kuchaji, chipu yaweza kuchukua kipimo cha utulivu hapohapo na mzunguko ukaharibika. Siku za mgao, tumia pawasaplai inayokula betri ya sola.

Sasa toa tena mpaka 9.0 kwa rezista ileile. Mkondo utaanza kwenye 1.5 A na kuishia 1.1 A, kama moja ya tano ya uwezo kwa saa, na ndivyo chipu inavyotaka: chini ya moja ya kumi haijifunzi ukinzani. Rezista itakuwa ya moto wa kuunguza. Acha saa 5. Update Status 06.

Chaji mpaka nusu, kisha funga kufuli: 0x0020 kwa bq20z, 0x0030 kwa bq40z50.

Kwenye laptopu

Linganisha uwezo unaoonyeshwa na ulioandika. Kwenye Windows, `powercfg /batteryreport` hutoa ripoti yenye uwezo wa kiwandani na wa sasa. Kwenye Linux, angalia faili zilizo chini ya /sys/class/power_supply/BAT0.

Haichaji wala haitoi: pini ya uwepo haijagusa. Inaonekana lakini haichaji: soma PFStatus na joto. Kipima joto kilichokatika waya husoma baridi kali, na chipu, kwa haki, hukataa kuchaji. Asilimia inaruka kutoka 60 hadi 15: ChemID si yake, au seli moja imepishana na wenzake. Soma 0x3f mpaka 0x3d wakati wa kutoa mkondo, si betri ikiwa imepumzika. Ile inayoanguka kwanza ndiyo yenye ugonjwa.